Programu ya Homa Haizibi Dirisha

Wadau, leo siandiki kuhusu lugha za kompyuta. Leo nina hasira, na hasira yenyewe ilianza na jedwali la data.

Miaka michache iliyopita shirika moja (silitaji, wenyewe watajijua) lilinipa kazi ya kuandika programu ya simu ya kuripoti homa. Kwenye karatasi wazo lilikuwa tamu. Mhudumu wa afya apita nyumba kwa nyumba Likoni, Kisauni na Changamwe, ajaza fomu, data yaingia kwenye seva, na ramani yatoa vidoa vyekundu pale homa inapozidi. Fomu niliyokabidhiwa ilikuwa na safu 31: jina, umri, joto la mwili, siku za homa, viungo vyauma au haviumi, vipele, nambari ya simu, hata aina ya simu. Nyumba ilipewa safu moja tu: mahali ilipo.

Nikauliza: je, paa ni la nini? Kuna dari? Dirisha lina wavu? Maji yawekwa wapi, na chombo kina kifuniko? Nikajibiwa kwa upole kwamba hayo ni mambo ya ujenzi, na sisi tuko upande wa afya. Sawa. Mwaka uliofuata nikapata kazi nyingine, ya mwenye nyumba za kupangisha. Huko nako jedwali lilikuwa na kodi, amana, nambari ya mita ya stima na tarehe ya kuhama. Chumba kina joto kiasi gani, nani aliugua humo, hakuna.

Mtu yeyote aliyewahi kuandika hifadhidata anaelewa ugonjwa huu. Ni majedwali mawili yasiyo na ufunguo wa kuyaunganisha. Moja lina wagonjwa wasio na nyumba, jingine lina nyumba zisizo na watu. Halafu twashangaa kwamba kila tukiuliza swali la maana, jibu linarudi tupu.

Hoja yangu leo ni moja, na nitaisema wazi ili anayetaka kunipinga ajue pa kunishika: nyumba yenye joto na nyumba yenye mbu ni tatizo moja. Latibiwa na fundi mmoja, kwa ngazi moja na kwa kiasi kikubwa kwa pesa zilezile. Sisi tumelikata vipande viwili, kimoja tukawapa wataalamu wa majengo, kingine wataalamu wa virusi, kisha tukaajiri watu kama mimi waandike programu za kufunika ufa uliobaki katikati.

Kirusi ni faili

Tuanze na kirusi, maana wengi hapa bara wamekionja bila kukijua jina. Chikungunya ni neno la Kimakonde, kwa maana ya kinachomkunja mtu. Ugonjwa huo ulielezwa na madaktari baada ya mlipuko wa 1952 na 1953 kwenye uwanda wa Makonde, kusini mwa Tanganyika. Mwaka 2004 ulilipuka Lamu, na uchunguzi wa damu uliofanyika baadaye ukakadiria kwamba robo tatu ya watu walikuwa wameambukizwa. Kabla ya mwaka kwisha ulikuwa Mombasa. Kutoka pwani yetu ukaenda Komoro, ukaenda Réunion ambako mwaka 2005 na 2006 karibu theluthi ya watu waliupata, ukafika India.

Mombasa ukarudi mwishoni mwa 2017. Shirika la Afya Duniani liliripoti wagonjwa 453 kuanzia katikati ya Desemba hadi tarehe 3 Februari 2018, 32 kati yao wakiwa wamethibitishwa na maabara. Na hao ni wale waliohesabiwa. Wale waliolala nyumbani na vidonge vya maumivu, wakishuka kitandani kwa kushika ukuta kama wazee wa miaka 90, hawamo kwenye hesabu yoyote.

Sasa, ukitazama kirusi hiki kwa macho ya mwandishi wa programu, ni faili tu. Ni uzi mmoja wa RNA wenye herufi 12,000 hivi, na alfabeti yake ina herufi nne pekee. Ukiuandika kama matini ya kawaida ni kilobaiti 12. Picha moja ya simu yako ni kubwa kuliko faili hilo mara mamia. Faili limefungwa ndani ya ganda la protini na mafuta, na peke yake haliwezi kitu. Ili lijinakili lazima lipate seli.

Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walionyesha mlango mmoja ambao kirusi hiki kinautumia kuingia. Ni protini iitwayo Mxra8, ambayo huonekana juu ya seli za gegedu, za mfupa na za nyama zinazoshikanisha viungo. Hilo linatusaidia kuelewa kwa nini magoti na vifundo ndivyo vinavyolia. Kirusi kikishajishikiza, seli yakimeza ndani ya kifuko. Kifuko chaingia asidi, asidi yaibadilisha umbo protini ya kirusi, ganda lashikana na kuta za kifuko, na uzi wa RNA wamwagika ndani. Seli ni kama kompyuta isiyouliza programu imetoka wapi. Yausoma uzi huo na kuanza kutengeneza virusi vipya.

Na kuna kisa ambacho kila mwandishi wa programu atakiheshimu. Kule Réunion kirusi kilibadilika kwa herufi moja, moja tu, kwenye sehemu inayoandika protini ya E1. Badiliko hilo likakifanya kistawi zaidi ndani ya mbu wa aina nyingine, Aedes albopictus. Sisi twakesha tukitafuta nukta iliyokosewa. Kirusi kimekosea herufi moja kikapata usafiri mpya.

Sayansi hii siibezi hata kidogo. Mwaka 2020 watafiti walichapisha usomaji wa jenomu za kirusi cha mlipuko wa Mombasa wa 2017 na 2018, herufi kwa herufi. Ni kazi safi. Lakini angalieni mizani ilivyolala: tumesoma herufi 12,000 za kirusi, na dirisha kilichopitia hatukuliandika hata kwenye fomu.

Kwa sababu kirusi hakitembei. Chabebwa na mbu, na kwetu mbu huyo mkuu ni Aedes aegypti, yule mweusi mwenye madoa meupe miguuni, ambaye hueneza pia homa ya dengi. Huyu si mbu wa malaria. Huuma mchana, hasa asubuhi na jioni. Hupenda kukaa ndani ya nyumba, chini ya kitanda, nyuma ya nguo zilizotundikwa. Hutaga kwenye maji yaliyotulia ndani ya vyombo: ndoo, mtungi, pipa, tairi kuukuu. Chandarua unachokishusha saa nne usiku kinamkuta ameshakula akashiba.

Watafiti waliochunguza mlipuko wa Lamu wa 2004 waliuhusisha na ukame. Watu waliweka maji ndani ya nyumba, vyombo havikufunikwa vizuri wala kubadilishwa mara kwa mara, na mbu wakapata hospitali ya kujifungulia. Haya, niambieni: ni nyumba ngapi Likoni au Kisauni zisizo na mitungi ya maji iliyopangwa ukutani kwa sababu mfereji hauaminiki? Kwetu hali ya ukame ipo ndani ya chumba hata mvua ikinyesha.

Nyumba ni oka

Sasa tuje kwenye nyumba. Mombasa iko nyuzi 4 hivi kusini mwa ikweta. Maana yake, kunako Machi na tena kunako mwanzo wa Oktoba jua la mchana latupita utosini. Ukuta wapata jua la pembeni, lakini paa ndilo linalolipokea jua lote. Paa letu la bara ni bati, na mara nyingi ni bati lenye kutu, ambalo hulinywa jua badala ya kulirudisha. Chini yake hakuna dari. Bati lawaka, nalo lammulika aliyekaa chini yake mchana kutwa kama jiko. Ukuta wa matofali ya saruji walinywa joto hilo pia, na usiku, wakati ungetaka kulala, ndipo waanza kulitoa.

Ongeza unyevu wa pwani. Jasho halikauki, na jasho lisilokauka halipozi mwili. Dawa yake ni upepo, na upepo tunao: kaskazi kuanzia mwisho wa mwaka hadi Machi, kusi miezi inayofuata. Wazee wetu walijenga kwa kuujua upepo huo. Lakini vyumba vya kupangisha vimepangwa mgongo kwa mgongo, dirisha moja dogo, tena mara nyingi limetazamana na ukuta wa jirani. Upepo hauna pa kuingilia na hauna pa kutokea.

Haya nayo si mageni kwa sayansi. Mwaka 2014 UN-Habitat, ambao makao yao yako Nairobi, walitoa kitabu kizima cha kujenga nyumba zisizokula umeme katika nchi za joto, mahususi kwa Afrika Mashariki. Kivuli, mwelekeo wa jengo, upepo, rangi ya paa, yote yamo. Kinapatikana bure. Kimeandikwa Kiingereza, kurasa mamia, na mimi sijakutana na fundi wa Kisauni aliyekisoma. Fundi huyo ndiye anayejenga mji. Wale wanaokisoma wanajenga ofisi.

Hapa ndipo majedwali mawili yanapokutana, na ndipo hasira yangu inapopanda. Joto la chumba si shida ya starehe tu. Kadiri mbu anavyopata joto, ndivyo kirusi kinavyozaana haraka ndani yake na kufika mateni kwake mapema. Utafiti uliochapishwa 2017 ulikadiria kwamba uenezaji wa dengi na Aedes aegypti huwa juu zaidi kunako nyuzi 29. Joto likizidi mno mbu mwenyewe hufa, lakini nyuzi 29 ni chumba cha kawaida cha Changamwe. Kwa hiyo chumba hicho kinampika mpangaji na kukilea kirusi kwa wakati mmoja.

Na dawa je? Gambia, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009, watafiti waligawa nyumba makundi matatu. Nyingine zilitiwa nyavu madirishani na milangoni na uwazi wa juu ya ukuta ukazibwa, nyingine zilitiwa dari ya wavu tu, nyingine ziliachwa. Nyavu kamili zilipunguza mbu wa malaria ndani ya nyumba kwa asilimia 59. Dari peke yake ilipunguza kwa asilimia 47. Upungufu wa damu kwa watoto nao ukapungua kwenye nyumba zilizotiwa kinga. Dari, jamaa! Kile kitu ambacho fundi wa nyumba baridi angekutajia kwanza, ndicho fundi wa kuzuia mbu anachokutajia pia. Ukiisuka kwa wavu yazuia mbu. Ukiitengeneza kwa kitu kizito zaidi yazuia mbu na mmuliko wa bati kwa pamoja.

Utasema hao ni mbu wa malaria. Sawa. Kule Mérida, Mexico, walitia nyavu za dawa kwenye madirisha na milango, na Aedes aegypti ndani ya nyumba wakapungua. Na karibu zaidi na sisi, Magoda, mkoani Tanga, nyumba za majaribio zilijengwa kwa kuta zinazopitisha hewa, nyavu na vyumba vya kulala vilivyoinuliwa juu. Zikawa na mbu wachache kuliko nyumba za kawaida za kijiji. Kutoka hapo mradi ukaenda Mtwara, zikajengwa nyumba 110 ili kuona kama nyumba yenyewe inapunguza malaria, kuhara na maradhi ya kifua. Mtwara, mkoa uleule ambao Uwanda wa Makonde umo! Pale kirusi kilipopata jina, ndipo watu wameanza kuichukulia nyumba kama dawa. Sisi wa Mombasa twangoja nini?

Majibu kwa wapinzani

Najua mtakayoyasema, basi niyajibu mapema.

"Wavu huzuia upepo." Ni kweli, hupunguza upepo, na anayekuuzia wavu bila kukuambia hivyo anakudanganya. Jibu ni kufanya uwazi uwe mkubwa: dirisha pana zaidi, matofali ya matundu juu ya ukuta wa pili ili upepo upate njia ya kutokea, vyote vikiwa na wavu. Ndiyo maana nasema kazi hii isigawanywe. Mtu wa mbu akija peke yake ataziba kila tundu tufe kwa joto. Mtu wa joto akija peke yake ataacha kila tundu wazi.

"Turudi kwenye makuti na udongo wa babu zetu." Makuti ni baridi, sibishi. Lakini nyumba ile ilikuwa na uwazi kati ya ukuta na paa, na mbu wa malaria hupenda kupita hapohapo. Babu aliijua nyumba baridi. Hakuwa na wavu wa bei nafuu. Sisi tunao na hatuutumii. Tuchukue akili yake, tusichukue mbu wake.

"Tia kiyoyozi, mambo yaishe." Kiyoyozi kidogo kinachovuta kilowati moja, kikifanya kazi mfululizo saa nane, kimekula uniti nane. Feni ya wati 60 kwa saa hizohizo haifiki nusu uniti. Zidisha mwenyewe kwa bei ya stima na kwa siku 30, kisha uniambie ni mpangaji gani wa Mtongwe au Mishomoroni atakayelipa. Na joto analolitoa ndani mwenye kiyoyozi anamtupia jirani nje. Tena, aliyefunga dirisha anavuta pumzi ileile na mwenzake. Utafiti wa hospitali za Lima, Peru, wa mwaka 2007, ulikuta wodi za zamani zenye dari ndefu na madirisha makubwa zikibadilisha hewa haraka kuliko vyumba vya kisasa vyenye mashine. Baada ya Covid ya 2020 hatuhitaji kufundishwa tena maana ya hewa.

"Chanjo yaja." Chanjo ya kwanza ya chikungunya iliidhinishwa Marekani Novemba 2023. Agosti 2025 leseni yake huko ikasimamishwa kwa sababu ya usalama. Nyingine ilikuwa imeidhinishwa mapema 2025. Naziombea heri zote. Lakini chanjo ya chikungunya haizuii dengi, na hakuna chanjo ya bati la moto.

"Watu wenyewe hawajali." Hili ndilo linaloniudhi zaidi. Sehemu kubwa za Likoni, Kisauni na Changamwe zina nyumba ambazo mwenye nyumba si mwenye ardhi. Amejenga juu ya kiwanja cha mtu, alipa kodi ya ardhi, na siku yoyote aweza kuambiwa aondoke. Shamba la Waitiki pale Likoni, ekari 930, lilikuwa kwenye mvutano miaka mingi hadi hati zilipoanza kutolewa mwaka 2016. Mtu atatiaje dari nzuri kwenye nyumba ambayo hajui kama itakuwepo mwakani? Hiyo si kutojali. Ni hesabu, na hesabu yake ni sahihi kuliko ya waliomletea programu. Basi aletewe vitu vinavyofunguliwa kwa bisibisi na kubebwa: wavu wa fremu, dari ya paneli, kifuniko cha tanki. Na rangi nyeupe juu ya bati haimsubiri hakimu wa ardhi.

Nitakalo

Machi 2025 kanuni mpya za ujenzi za Kenya zilianza kutumika, zikachukua nafasi ya zile za 1968. Kwa hiyo huu ndio wakati wa kupiga kelele, kabla mafundi na maafisa hawajazoea fomu mpya.

Anayeidhinisha ramani ya nyumba ya kupangisha aulize maswali mawili yaliyo wazi: saa tatu usiku chumba hiki kitakuwa na joto gani, na mbu ataingilia wapi? Asiyeweza kuyajibu arudi kuchora.

Mwenye nyumba anayepandisha kodi kwa sababu ametia vigae aonyeshe kwanza dari, wavu na tanki lenye kifuniko. Vigae havijawahi kumpunguzia mtoto homa.

Mashirika yanayokusanya data ya homa yaongeze safu tano: paa, dari, wavu, chombo cha maji, kifuniko. Tano tu. Ni kazi ya nusu saa. Mimi mwenyewe nitaifanya bure, nipeni fomu.

Na sisi waandishi wa programu tujiangalie kwenye kioo. Tumezoea kuambiwa kwamba kila shida yangoja programu yetu. Nilipomaliza ile kazi ya homa, ramani ilifanya kazi vizuri, vidoa vilikuwa vyekundu kweli, nami nikalipwa. Jioni moja nikapita kwenye nyumba mojawapo yenye kidoa, nyumba ya shangazi yangu, Likoni. Nikamkuta ameketi nje kwenye kibaraza ajipepea, kwa kuwa ndani hakukaliki. Nyuma yake mitungi sita, miwili haina vifuniko. Nikamwambia, "Shangazi, nyumba yako sasa iko kwenye ramani." Akaniuliza, "Na ramani yenyewe yatia wavu, mwanangu?"

Jumamosi iliyofuata nilikwenda na fundi, mita chache za wavu, mbao, misumari na vifuniko viwili. Rangi ya paa tulimalizia wiki iliyofuata. Ni kazi bora kuliko zote nilizofanya mwaka ule, na haina hata mstari mmoja wa msimbo.